Separate, divide, split au part: lipi utumie wapi

Chumba changu cha kwanza Dar es Salaam kilikuwa Manzese, na katikati yake nilitundika pazia la kitenge. Upande wa ndani kulikuwa na kitanda, upande wa mlangoni viti viwili, jiko la mchina na ndoo za maji. Leo kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na kila kijana anaponiletea swali la separate na divide, namrudisha kwenye lile pazia.

Sikiliza sentensi hizi mbili. "The curtain divides the room into two." "The curtain separates the bed from the chairs." Pazia ni lilelile na zote mbili ni sahihi. Katika ya kwanza unakitazama chumba: kilikuwa kimoja, sasa kina sehemu mbili. Katika ya pili unatazama kitanda na viti, vitu ambavyo havijawahi kuwa kitu kimoja. Vilikuwa jirani tu, na sasa kuna kizuizi kati yao. Ndiyo maana divide hupenda kufuatwa na into, na separate hufuatwa na from. Sisi nasi tunasema vivyo hivyo: pazia limekigawa chumba, pazia limetenganisha kitanda na viti.

Basi swali la kwanza la kujiuliza kabla hujaandika ni hili: mwanzoni kilikuwa kitu kimoja, au vilikuwa viwili? Kama ni kimoja, anza na divide. Kama ni viwili au zaidi vilivyokaa pamoja, anza na separate. Ukishika hapo, nusu ya makosa ninayoyaona kila wiki inakwisha.

Nusu iliyobaki inatoka kwenye neno letu tenga, na hapo ndipo watu wazuri wa lugha zote mbili hujikwaa. Kamusi nyingi za haraka zitakuambia tenga ni separate, nawe utaamini. Halafu unaandika "Mama separated the food" ukikusudia mama ametenga chakula, watu wanawe mikono wale. Mwingereza akisoma ataona mama ameweka wali huku na maharage kule. Alichofanya mama ni "served the food". Serikali ikitenga fedha za barabara, Kiingereza ni "set aside" au "allocated". Na mtu aliyetengwa na ukoo wake amekuwa "shunned" au "cut off by his family". Ukisema tu "separated from his family" msomaji atadhani yuko safarini, au vita vimewatawanya.

Na gawana nalo lina mtego wake. Vijana wawili wanaokaa chumba kimoja Sinza ili kupunguza kodi, kwa Kiingereza "they share a room". Chumba hakijagawanywa hata kidogo, wanakitumia wote. Siku watakapotundika pazia kama langu, hapo ndipo watakuwa "have divided the room". Share hubeba kugawana mkate na hubeba pia kutumia kitu kwa pamoja, kwa hiyo usiweke gawana kila unapoona share bila kuangalia kama kitu kimekatwa au kimebaki kizima.

Mji wenyewe unafundisha

Dar es Salaam ni darasa zuri la maneno haya. Mto Msimbazi unateremka kutoka milima ya Pugu, unapita bonde la Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Ukiutazama mji kama kitu kimoja, utasema "The Msimbazi divides the city." Sasa nenda Magogoni, simama unasubiri kivuko. Mkondo wa bahari ulio mbele yako "separates Kigamboni from the city centre". Huwezi kusema kwa raha kwamba unaigawa Kigamboni, maana Kigamboni iko nzima ng'ambo ile. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 lililiunganisha jiji na Kigamboni pale Kurasini, lakini sentensi ile haikufutika. Daraja huunganisha, maji yanaendelea kutenganisha.

Kiutawala, Kigamboni ilimegwa kutoka Temeke, na Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni. Napenda sana neno mega hapa, maana unaona tonge likitoka kwenye ugali na ugali ukibaki kwenye sahani. Divide halitoshi kuonyesha hilo, kwa sababu halisemi ni nani aliyekuwa mkubwa na nani katolewa kwake. Sema "Ubungo was carved out of Kinondoni" au "was split off from Kinondoni". Ile off ndiyo inayobeba kumega.

Mfano mzito zaidi uko Mnazi Mmoja. Enzi za ukoloni mji huu ulipangwa kwa kanda. Wajerumani walianza kwa kanuni za aina ya majengo, na Waingereza waliokuja baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia wakaendeleza: Uzunguni kuelekea baharini, Uhindini katikati, na Kariakoo kwa Waafrika. Kati ya Uhindini na Kariakoo pakaachwa ukanda wa ardhi tupu. Uwanja tunaoupita leo tukitoka Posta kwenda sokoni ni sehemu ya ukanda huo.

Mwanafunzi anayeandika insha ya historia anahitaji vitenzi vitatu kwa tukio hili moja. "The town was divided into zones", kwa sababu mji ulikuwa mmoja ukakatwa. "The open ground separated Uhindini from Kariakoo", kwa sababu ardhi ile ilikaa katikati ya viwili. Na kwa watu wenyewe, "people were segregated by race", walibaguliwa. Hapa naomba mtu asifanye haraka. Ukiandika "people were separated" umesema jambo dogo kuliko lililotokea. Separated linaweza kuwa halina mkosaji. Mtoto akiachia mkono wa mama yake katika msongamano wa Kariakoo wakapotezana, Kiingereza chake ni "they got separated in the crowd", wala hakuna aliyekusudia. Segregate lina aliyekusudia, lina kanuni nyuma yake na lina waliodhulumiwa. Kiswahili kimeliweka wazi kwa neno bagua, na tafsiri isiyofikisha uzito huo haijawatendea haki waliopitia hayo.

Split, na suala la bili

Split lina haraka na lina nguvu ndani yake. Kuni hupasuliwa: "split the firewood". Suruali ikichanika mshononi ukiwa unapanda daladala, "it split". Chama kikivunjika makundi mawili baada ya ugomvi, "the party split", na hapo msomaji anasikia kwamba palikuwa na mvutano. Ungesema "the party divided into two groups" ingesikika kama wamejigawa kwa ajili ya kazi, wengine kupika na wengine kuosha vyombo. Hata hivyo divided kama sifa hubeba ugomvi vizuri tu: "a divided family" ni familia isiyoelewana.

Mahali ambapo tofauti hii inagusa mfuko ni mezani. Mko wanne, mmekula kuku na chipsi, bili ni shilingi 48,000. Mgeni akisema "Let's split the bill", anataka jumla igawanywe sawa, kila mtu atoe 12,000, hata yule aliyekunywa maji na kuonja chipsi za mwenzake. Akisema "Can we have separate bills?" au "We'll pay separately", kila mmoja analipa alichoagiza. Nimekaa kwenye meza ambapo kijana mmoja aliitikia split akidhani ni kila mtu na lake, na nikaona uso wake alipoambiwa kiasi. Aliagiza soda moja. Mhudumu hakukosea na mgeni hakukosea, ni neno tu halikueleweka.

Jikoni

Kitabu cha mapishi cha Kiingereza kikiandika "Separate three eggs", hakisemi uyaweke mayai matatu mbalimbali. Kinataka uvunje kila yai, kiini ukiweke bakuli moja na ute bakuli jingine. Binti wa jirani yangu alipika keki yake ya kwanza kwa kusoma maelekezo kwenye simu, na nilipopita mlangoni nikakuta bakuli tatu zimepangwa mezani, kila moja na yai lake zima ndani, na yeye amesimama anasubiri hatua inayofuata imweleze kwa nini. Tukachukua ganda lililovunjika nusu, tukawa tunahamisha kiini kutoka nusu hii hadi ile, ute ukidondoka chini taratibu. Kwa Kiswahili ungelazimika kutaja vyote viwili, tenganisha kiini na ute. Kiingereza kimezoea kumeza maelezo hayo, kikategemea mpishi anajua.

Halafu kuna tui. Ukiliacha lichemke kwa moto mkali bila kukoroga, mafuta hupanda juu na maji hubaki chini. Sisi tunasema tui limekatika. Kiingereza husema "the coconut milk has split", au "has separated", na yote mawili yanakubalika hapo. Usithubutu kuandika "has been cut".

Kazi nyingine za jikoni zina maneno yake, wala hazihitaji separate. Kupepeta mchele ni "winnow", kuchambua mboga ni "pick over", kupukuchua mahindi ni "shell". Ndugu zetu wanaotafsiri vitabu vya kilimo wakiweka separate kote huko, msomaji hatajua ashike ungo au ashike gunzi.

Shuleni

Mtoto wa Kitanzania kwenye shule ya kawaida ya serikali husoma hesabu kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha kidato cha kwanza somo lilelile linamjia kwa Kiingereza. Ndiyo maana divide humsumbua hata anayejua kugawanya. Tazama namna kihusishi kidogo, by, into au in, kinavyobadilisha maana. "Divide 12 by 3" ni 12 gawanya kwa 3, jibu 4. "Divide 3 into 12" jibu lake ni hilohilo 4, ingawa mtoto akifuata mpangilio wa namba ataanza na 3 na kupata robo. Na "divide 10 in half" ni kukata katikati, unapata 5, lakini "divide 10 by a half" ni kuuliza nusu ngapi zimo ndani ya 10, na jibu ni 20. Mwalimu anayeyaandika haya mawili ubaoni pamoja, moja juu ya lingine, anawaokoa watoto wengi.

Kwenye sayansi vitenzi vinagawana masomo. Kemia inapenda separate: changanya chumvi na mchanga, tia maji, koroga, chuja. Mchanga unabaki kwenye chujio. Chemsha yale maji mpaka yakauke, chumvi inabaki chini ya chombo. Umevitenganisha, na kila kimoja kimebaki kilivyokuwa. Lakini ukipitisha umeme kwenye maji ukapata haidrojeni na oksijeni, "you split water". Hapo maji hayapo tena, umeyavunja. Na biolojia husema "the cell divides", seli hugawanyika, kwa sababu moja imekuwa mbili zilizo hai. Ukimwonyesha mwanafunzi mifano hii mitatu kwa pamoja, hatakuuliza tena kwa nini Waingereza wana maneno mengi.

Neno moja juu ya tahajia. Ni separate, herufi ya nne ni a, na wenye lugha yao pia hukosea wakaandika e. Vijana wa Dar wana msaada wa bure: anza na sepa, lile la mtaani la kuondoka zako, kisha malizia na rate. Kuhusu matamshi, kitenzi mwisho wake husikika "reit". Likiwa sifa, kama kwenye "separate rooms", mwisho hufifia na kusikika karibu na "seprit". Ukilitamka sifa kama kitenzi utaeleweka, ila masikio yatashtuka kidogo.

Watu

Hapa ndipo kosa linauma.

Umemsindikiza rafiki mpaka stendi ya Mwenge, yeye kapanda la Bunju wewe la Kariakoo. Kiswahili: tuliachana Mwenge. Watu wengi huandika "We separated at Mwenge." Msomaji wa Kiingereza anaweza kuinua macho, kwa sababu separated kwa watu wawili wanaofahamiana hunuka ndoa iliyoyumba. Neno la hapo ni part: "We parted at Mwenge", au kwa mazungumzo ya kawaida "I left him at Mwenge". Part ni neno la kuagana, lina upole na ukale kidogo. Ndilo lililo kwenye kiapo cha ndoa cha Kanisa la Uingereza, "till death us do part", lililokaa hivyo tangu mwaka 1662. Kabla ya hapo kiapo kilisema depart, kwa sababu zamani depart lilikuwa na maana ya kutenganisha. Sisi kanisani tunasema mpaka kifo kitutenganishe, na hatupungukiwi na kitu.

Wapenzi wasiooana wakiachana, "they broke up" au "they split up". Separated usiliguse hapo. Hilo ni la wanandoa wanaoishi mbalimbali huku ndoa ikiwa bado ipo, nalo ni tofauti kabisa na divorced, waliopeana talaka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayatofautisha waziwazi. Mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana, ambayo inawaondolea wanandoa wajibu wa kuishi pamoja lakini haivunji ndoa. Talaka ndiyo inayoivunja. Kutengana kwa angalau miaka mitatu kunaweza kutumika kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, lakini ushahidi wa kuomba talaka haujawa talaka.

Dada mmoja tuliyekuwa tukiishi nyumba moja alikuwa na barua ya Kiswahili iliyosema yeye na mumewe wametengana. Mtu fulani alimtafsiria kwa haraka, akaandika divorced. Alipoipeleka mahali alipokuwa anaomba nafasi ya masomo nje, wakamtaka alete hati ya talaka. Hana, na hangeweza kuwa nayo, kwa sababu talaka haikuwapo. Wakaona karatasi zake zinapingana. Alizunguka wiki kadhaa, akalipia kiapo, akanijia jioni na bahasha imelegea kwa kushikwashikwa.

Tulikaa ukumbini tukasoma barua yote upya. Lilikuwapo jambo la mali pia, na hilo nalo mtafsiri alikuwa amelivuruga, ameandika "separation of property" mahali palipozungumza juu ya kugawana mali. Mali walizochuma wanandoa kwa pamoja huwa chini ya kifungu cha 114 cha sheria ileile, na Kiingereza chake ni "division of assets". Ni divide, kwa sababu mali ilikuwa moja na inakatwa mafungu. Kwa wanawake wa nchi hii neno hilo lina historia: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke zinahesabika kuwa mchango katika kupatikana kwa mali. "Separation of property" ni kitu kingine, ni utaratibu wa kila mwanandoa kubaki na mali zake peke yake. Mtu akisoma hivyo atadhani dada yule hakuwa na chochote cha kudai.

Tukaandika "The couple have been separated since", tukaweka tarehe iliyokuwa kwenye barua, na chini yake "The division of their assets has not yet been decided". Akazisoma sentensi zote mbili kwa sauti, akaniuliza kama separated maana yake bado ni mke wa mtu. Nikamwambia ndiyo, kisheria bado. Akaitikia kwa kichwa, akasema hivyo ndivyo ilivyo, andika hivyo.